Sauti ya Mama Aika kwenye Masta

Usiponiamini, shauri yako. Sikusimuliwa mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, mchana kweupe, katika studio yangu pale Moshi mjini, na sikuwa nimeonja hata tone la mbege.

Enzi hizo kompyuta ndiyo kwanza zinaingia studio, na kila kwaya ya mlimani ilitaka kaseti. Moja kutoka Kirua ilikuwa imesharekodi kwangu. Mwimbaji wao wa kuongoza, Mama Aika, nilimpa maiki ya peke yake, kwa hiyo sauti yake ilikaa kwenye mstari wake. Kilichobaki ni kuchanganya sauti zote na kuzitoa kupitia masta, yaani kile kidhibiti cha mwisho. Ukikishusha chini kabisa hakitoki kitu, hata uwe na waimbaji uwanja mzima.

Basi mwenyekiti wa kwaya akanipigia simu. "Kijana, yule mama mfute. Ubeti wake ataimba mwingine." Kisa? Mama Aika alimwambia mbele ya wenzake kwamba ana upendeleo. Hilo tu!

Siku ileile, nimeshusha masta, maiki zote nimeziweka kwenye boksi, Mama Aika akaingia, akakaa nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Usinifute. Mwenyekiti nimempelekea isale, amenirudishia, eti upagani. Sasa nimekuletea wewe. Aika wangu bado mdogo, atasahau sauti yangu. Wewe ndiye unayeamua kinachotoka."

Wewe kama si Mchagga nikueleze: ukiletewa jani la isale, hata uwe umeumizwa vipi, unasamehe. Hukatai. Na huyo anayeliita upagani, kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kimezungushiwa isale pande zote!

Nikageukia kompyuta, naye akaendelea kunibembeleza. Niamini ninachokwambia: taa za masta zilikuwa zinapanda kutoka kijani mpaka nyekundu kwa kila neno lake. Akinyamaza, zinalala. Masta iko chini kabisa, maiki ziko kwenye boksi. Sauti yake ilikuwa inapita wapi? Nilipogeuka, kiti kitupu. Juu ya kibodi kulikuwa na jani la isale limepigwa fundo.

Nikampigia mwenyekiti. "Mama Aika alikuwa hapa sasa hivi."

"Acha utani, kijana. Tumemzika juzi."

"Amekufa, na bado unataka nimfute?"

"Ndiyo vizuri," akasema, "hatakuja kulalamika."

Hasira niliyoisikia siku ile sijaimaliza mpaka leo. Sikumfuta. Nilimpandisha juu ya kwaya nzima, nikatoa kaseti ya kwanza, nikaipeleka mwenyewe Kirua kwa bibi yake Aika. Mwenyekiti naye akaichukua kazi akaipeleka kwa fundi mwingine Arusha, sauti ya mama ikafutwa, akaimba mpwa wake.

Kaseti hiyo ya Arusha ukiipata, sikiliza. Ikifika ubeti wa pili, ule wa Mama Aika, kinanda, kwaya, mpwa, vyote vinazimika. Kimya mpaka ubeti wa tatu. Fundi wa Arusha aliitoa upya mara nyingi, na kila ikifika pale masta inajishusha yenyewe. Unafikiri nani alilaumiwa? Mwenyekiti alisimama kanisani akatangaza kwamba mimi ni mchawi. Kwaya zikanihama zote. Sasa hivi nauza matairi Himo, na yeye bado ni mwenyekiti, Jumapili anakaa kiti cha mbele.

Lisiloniuma ni moja tu. Bibi anasema Aika halali mpaka awekewe kaseti yake, na kwenye ile niliyowapelekea mama yake anaimba mpaka mwisho.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyeshika masta ya watu, iwe ya kompyuta, ya kwaya au ya nyumbani kwako. Ukiletewa isale, pokea wakati mletaji angali hai. Mimi nililetewa na mtu aliyekwisha kuzikwa. Jani lake liko kwenye droo yangu hapa dukani, miaka yote hii, na bado ni bichi.