Sahani ya Maua Mekundu

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Bani Malik anapochemsha shira ya kaimati, harufu ya sukari na hiliki hupanda ngazi mpaka mlangoni kwangu. Wengine huwatoka mate. Mimi hukaa kitako, nimechoka kama mtu aliyetuliwa gunia sasa hivi.

Nilikulia Ruwais, hapa hapa Jeddah, enzi mtaa ule ukinuka samaki toka asubuhi. Katika kichochoro chetu palikuwa na nyumba saba za Wazanzibari, watu waliovuka baada ya mapinduzi wakiwa na masanduku machache na watoto wengi. Nyumba nyingine zilikuwa za wavuvi wenyeji. Wanaume walihangaika na ikama, vile vibali vya ukaazi, na makafili waliowadhamini. Mtaa waliushika wanawake, na waliushika kwa sahani. Sahani ilikwenda na mkate wa kumimina, ikarudi na sambusa. Ilikwenda kwa mzazi, ikarudi na jina la mtoto. Mama akisema, "Sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, tia hata sukari."

Mama na Bi Zuwena walikuwa mashoga tangu Unguja. Nyumba zao zilitazamana, na mazungumzo yao ya dirishani waliyasikia hata wavuvi.

"Shoga, mchuzi wako umeungua, nimeunusa!" Mama akiita.

"Umeunusa kwa njaa yako, Salma! Wako haunuki kwa kuwa hauna kitu!"

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, nilitangaza kwamba nitafunga Ramadhani nzima. Mtaa ukanivika kilemba cha sifa. Baba akaagiza nishonewe kanzu mpya ya Idi, yenye darizi shingoni kama ya mtu mzima.

Siku moja katikati ya mfungo, baada ya alasiri, Mama alinituma kwa Bi Zuwena na mkate wa kumimina katika sahani yake mwenyewe ya bati yenye maua mekundu, aliyotoka nayo kwao Ng'ambo, Unguja. Bi Zuwena akautoa mkate, akaiosha sahani, akaijaza kaimati za moto.

"Mpelekee mamako. Na wewe usizitazame sana, zitakukonyeza," akacheka.

Kutoka mlango wake hadi wetu ni hatua kumi. Mimi nilipinda kona, nikajificha nyuma ya nyavu zilizoanikwa ufukweni. Nikala moja. Zilizofuata sikuzionja, nilizimeza tu. Kisha nikaiosha sahani kwa maji ya bahari.

Mama aliipokea, akaigeuza chini juu. "Kakupa hivi hivi?"

Kusema kweli kulikuwa kukiri kwamba nimekula mchana. "Hakutia kitu, Mama."

Hakugomba. Aliiweka sahani juu ya kabati, akasema labda mwenziwe kazi zimemzidi. Kesho yake hakupeleka kitu, wala keshokutwa. Bi Zuwena aliendelea kuleta vyake. Mama alipokea, akarudisha vyombo vimejaa, lakini mlangoni na kwa maneno mawili.

Asubuhi ya Idi wanawake walijaa kwetu, nami nimesimama katikati na kanzu yangu, napewa peremende kwa kufunga mwezi mzima. Mama akamimina kahawa huku akisema kama anayesema na birika, "Siku hizi wapo wanaorudisha sahani tupu."

Bi Zuwena alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Nikaitazama darizi yangu. Akatua kikombe, akavaa buibui lake, akasema, "Idi njema, Salma," akatoka. Tangu siku hiyo madirisha yale mawili hayakufunguliwa pamoja.

Miaka ilikwenda. Watu walihama mmoja mmoja, na Bi Zuwena akamfuata binti yake Riyadh. Kila mwaka nilijiambia nitamwambia Mama baada ya Idi. Nilioa, nikazaa, nikaota mvi, sikumwambia. Alifariki akiamini maneno yangu.

Baada ya arubaini niliichukua sahani, nikasafiri nayo hadi Al-Naseem, kule Riyadh. Bi Zuwena alikuwa haoni tena. Aliipapasa ukingo uliobanduka. Nikamweleza yote.

"Nilijua siku ile ile ya Idi, mwanangu. Sahani si niliijaza kwa mkono wangu?"

"Mbona hukusema, Bi?"

"Mbele ya watu? Mtoto kavishwa kanzu ya kufunga, mimi nimvue? Nikasema utasema mwenyewe. Nikangoja." Akavuta pumzi. "Alinitaja, mamako?"

Ningeweza kumfurahisha. "Hakukutaja, Bi. Lakini sahani hii hakuitumia tena, wala hakukubali mtu aiguse."

Aliikumbatia kitambo, kisha akamwita mjukuu wake. "Tia chochote humu. Sahani ya Salma haitoki kwangu tupu." Hapakuwa na kilichopikwa. Msichana akatia sukari.

Nilirudi nayo Jeddah nimeipakata, nimeifunika kitambaa isimwagike. Utotoni nilidhani nimeiba kaimati. Uzeeni ndipo nikajua nilichokula kule nyuma ya nyavu. Nilipofungua mlango nilijikuta nataka kuita, "Mama, Bi Zuwena kakuletea." Nikasimama pale na sahani imejaa, na hapakuwa na wa kuipokea.