Dawa ya Mdomo wa Dumu

Asubuhi ile, kabla ya vita kufika mtaani kwetu, nilikuwa naosha maharage uani. Jirani yangu Mama Asifiwe alikuwa ananitania. "Weye unachemsha maji mpaka yanaomba msamaha!" Nilicheka. Tulijifungua mabinti wiki moja, na nilipougua malaria ndiye aliyemnyonyesha Neema wangu. Siku hizi naishi Makindye, na watu hapa Kampala wananishangaa kwa nini sinywi maji ya mtu. Waache washangae.

Mchana risasi zikaanza. Tulikimbilia darasa la shule ya kanisa, familia nyingi tumebanana. Kuchemsha hakukuwezekana: aliyetoka kutafuta kuni hakurudi. Maji tulichota kwenye mfereji nyuma ya darasa, yana rangi ya chai. Wauguzi waliopita kabla barabara haijafungwa walituachia chupa moja ya klorini. Tulimkabidhi Mama Asifiwe, maana yeye alikuwa amefundishwa kazi hiyo: achuje maji kwa kitenge, apime dawa kwa kizibo, angoje nusu saa, ndipo tunywe.

Kila asubuhi tulinusa dumu letu la maji. Harufu ya dawa ilikuwepo. Tukawanywesha watoto.

Neema akaanza kuhara.

Macho yakaingia ndani. Midomo ikakauka.

"Ni meno hayo, dada," Mama Asifiwe aliniambia. "Mpe maji mengi."

Nilimpa. Ee Mungu wangu, nilimpa kikombe baada ya kikombe, kutoka dumu lile lile.

Alikufa mikononi mwangu.

Tulimzika chini ya dirisha, haraka, risasi zikipita juu ya mabati. Aliyelia kuliko wote ni Mama Asifiwe.

Kesho yake niliamka mapema, nikamkuta nyuma ya ubao. Alikuwa amelowesha kitambaa kwa dawa, anapaka mdomo wa dumu letu. Mdomo tu! Ndani hakutia hata tone. Kando yake lilikuwepo dumu dogo la wanawe, na chupa imesimama pale pale.

Hakukana.

"Vita ikikawia, dawa itaisha," alisema. "Nina watoto wanne, weye."

Nilitaka kupiga yowe, lakini askari walikuwa nje na watoto wa wenzangu walikuwa wamelala. Nikamnyang'anya chupa nikatia dawa mwenyewe kwenye dumu letu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kikishakula kinakuja kukupa pole.

Mwaka huu nilikuwa sokoni Ggaba nanunua mukene, vile visamaki vya ziwani, nikasikia: "Mama Neema!" Kampala nzima hakuna anayeniita hivyo. Alikuwa yeye, amezeeka. Alinishika mikono akalia, akasema Mungu ametuvusha. Ametuvusha! Nani na nani?

"Jambo, mama," akanisalimu msichana aliyesimama naye. Asifiwe. Mrefu kuliko mama yake, ngozi inang'aa, beseni la samaki kiunoni. Nilimwitikia vizuri, maana yeye hakunikosea kitu, na kifo chake kisingenirudishia wangu. Lakini moyo uliniuma, sitaficha.

Nikamgeukia mama yake. "Binti yako ni mzuri. Wangu ulinisaidia kumzika, na ulijua kilichomuua."

Asifiwe akamtazama. "Mama, anasema nini?"

Mama yake aliniachia mikono. Nilichukua mukene wangu. Sikukaa kumsaidia kujibu.