Nambari Moja, Wachumaji Wawili

Julai 1996, Marcella alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo mtu mmoja hawezi kulitenda. Katika shamba la chai alikofanya kazi, upande wa Kericho, mchumaji akiugua, dada yake huchukua nambari yake kisiri na kuchuma badala yake. Ni marufuku, na nyapara Kipkosgei aliapa amemnasa.

"Marcella, usinichezee. Jana ulichuma kwa kushoto, majani mawili na chipukizi, safi kama ya maonyesho. Leo unatumia mkono wa kulia, na umeniletea majani magumu kama ngozi. Huyo pacha wako analala wapi?"

"Mzee, sina pacha."

"Na jana nilipokuita, si ulinijibu wewe ni Akoth?"

"Wako wawili, wapewe nyumba mbili za kampuni!" mchumaji mmoja alidakia, na mistari yote ya wachumaji ikaangua kicheko.

Marcella hakucheka. Siku ya jana hakuwa nayo kichwani. Alikumbuka ukungu wa asubuhi na kamba ya aproni. Kisha jioni, na vidole vya mkono wa kushoto vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai.

Ni Gibson, afisa wa kliniki katika zahanati ya shamba, aliyemsikiliza bila haraka, Jumatano baada ya Jumatano.

"Kanisani wanasema ni pepo, daktari."

"Si pepo, mama, wala hujarukwa na akili. Mtoto akiteswa mno, tena na tena, akili yake hujigawa ili ibebe yasiyobebeka. Kila sehemu tunaiita nafsi. Ina jina lake, umri wake, hata mkono wake. Moja ikiipisha nyingine, huko ni kubadilishana. Siku zako zinazopotea ni mapengo ya kumbukumbu. Zamani ugonjwa huu uliitwa nafsi nyingi. Siku hizi vitabu vinauita mtengano wa utambulisho, maana mtu ni mmoja."

"Na Akoth ananitakia nini?"

"Akoth hukuchumia chai siku unazoshindwa. Tutazungumza naye pole pole. Lakini tiba hii inataka mahali salama pa kulala."

Gibson alimwandikia meneja wa shamba barua, akieleza ugonjwa na kuomba Marcella aachiwe nyumba. Meneja hakuifungua. Jibu lilikuja kwa mdomo wa askari wa shamba: nyumba iwe tupu kufikia Jumamosi.

Ijumaa, Marcella akikunja blanketi pamoja na jirani yake Dorcus, askari alifika kujaribu kufuli jipya. Akavuta mlango, wao wakiwa ndani. Kufuli likalia, ka!

Marcella aliketi chini ghafla, magoti kifuani. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto wa miaka sita, ikiomba kwa Kijaluo atolewe ghalani, ikiahidi hatamwambia mama. Dorcus, aliyelielewa kila neno, alishika mdomo.

"Fungua!" alimfokea askari. "Wewe, fungua mlango!"

"Anaigiza," askari alisema nje, ila akaingiza ufunguo na kufungua. Ilipita saa nzima kabla ya Marcella kuuliza kwa nini uso wake umelowa. Na kesho kufuli hilo litafungwa kweli.

Meneja, fungua barua iliyo mezani pako leo, kabla ya jua kuchwa. Kipkosgei, futa shtaka la pacha ambaye hukumwona kamwe. Mrudishieni Marcella nambari yake, mmwachie nyumba yake, na mwondoeni askari mlangoni pake. Mkikataa, chochote kitakachompata kesho mmekifanya ninyi, kwa mikono yenu, mkiwa mmeshaambiwa.