Kushika Tama

Kaka yangu alianguka kazini Louisville, kwenye ghala, akafa. Ilikuwa Alhamisi moja ya mwaka 2015. Shangazi alinipigia simu kutoka Columbus. "Mama yako usimwambie kitu. Jumamosi tunafika na watu wa kanisa, asikie akiwa amezungukwa na watu." Ilikuwa sawa. Kwetu msiba hauletwi na mtu mmoja.

Ijumaa mchana akaja mwalimu wa Kiingereza, mzungu mzee anayejitolea kufundisha wageni hapa mtaani kwetu, West Side. Mama alikuwa anamngoja. Safari hii alikuja na kitabu cha zamani sana, chenye picha za mistari myembamba, kama zimekwaruzwa kwa sindano. Alisema kila kitu humo kina maana yake. Nanga ni tumaini. Kisha akafungua penye mwanamke aliyekaa kando ya nguzo iliyovunjika, kiganja shavuni. Nguzo hiyo, alisema, ni maisha yaliyokatwa mapema.

Mkalimani nilikuwa mimi. Nikasema, "Nguzo imevunjika."

"Yeye ameongea mingi, weye unasema kidogo," mama akasema. "Bon, haya. Uyu mwanamuke amefiwa. Si ameshika tama?"

Nikauliza. Mwalimu akasema hapana, huyo anawaza tu. Wachoraji wa zamani ndivyo walivyomwonyesha mtu mwenye mawazo. Sidhani alikosea. Kitabu ni cha kwao.

Mama akacheka. "Donc, kumbe wazungu wanashika tama bila mufu? Watajiletea."

Kwetu mtoto akishika tama anapigwa kofi mkononi, maana anakiita kifo nyumbani. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Lakini tangu simu ile nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, sikuhisi kitu, wala shavu langu.

Mama aliacha kucheka.

"Toa mukono ku shavu."

Nikautoa, labda haraka mno.

"Ni nani?"

Nikaangalia picha.

"Ule wa Louisville?"

Kuna siku nadhani mkono ulikwenda wenyewe. Kuna siku nadhani niliupeleka mimi, nisibaki peke yangu na habari hadi Jumamosi. Sijui, na sitaki kujipendelea.

Mama hakulia. Aliweka kiganja shavuni, macho kwenye kitabu. Mwalimu akaniuliza kwa upole mama anawaza nini.