Nilivyowekewa dripu ya uchungu Songea huku uji wa mama mkwe uko tumboni

Wakuu, habari za humu ndani. Wadogo zangu shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Nitakayoandika ni kweli. Nikisahau kitu ni umri, na nikiongeza chumvi itakuwa ile ya kawaida ya mboga, haizidi kijiko.

Juzi kuna binti alianzisha uzi humu, akauliza: "Nimeambiwa nitaanzishiwa uchungu hospitali, nitegemee nini?" Swali zuri. Wakamiminika kumjibu wanaume watupu. Mmoja akamwambia asiwe na wasiwasi, ni kama kubanwa na tumbo la kuhara. Nikasema hapana, leo acha aliyelala kwenye kile kitanda naye aseme kidogo, kama wataalamu wataniruhusu.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, enzi za ruksa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Morogoro. Serikali ilinipeleka Songea, na Songea ikanipa mume. Tulipanga vyumba viwili Lizaboni, yeye akiuza mitumba Majengo. Ukweni kwangu ni Maposeni, wakulima wa mahindi, Wakatoliki wa kweli, sio wa Krismasi kama baadhi yetu.

Nikapata mimba ya kwanza. Tarehe ya kliniki ikafika, ikapita. Ikapita wiki nzima. Wiki ya pili inaelekea kuisha, na tumbo limekaa tu kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao.

Majirani wakawa wananisaidia kwa maswali. "Mwalimu, bado tu?" Hapana jamani, nilishazaa, hili ni tumbo la akiba.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Maposeni.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho ya kukagua. Alikuja na kuku wawili, unga wa ulezi na themosi yake ya maua, ya Kichina, ambayo aliipenda kuliko baadhi ya watoto wake. Nikapiga goti kwa shida na tumbo langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akalitazama tumbo kama anaangalia mahindi yamekauka au bado. "Watoto wa kwetu huwa hawachelewi."

Maana yake Morogoro ndiyo imechelewesha. Nikapokea.

Kesho yake daktari akaniambia nisiendelee kusubiri. Mtoto akipitiliza sana, kondo la nyuma linachoka na hali yake inaweza kubadilika ghafla, kwa hiyo nije wodini keshokutwa waanzishe uchungu. Akatupa na orodha ya vitu vya kwenda navyo: wembe, pamba, uzi, mpira wa kulalia, glavu.

Mume wangu akaenda Majengo kununua. Madukani enzi hizo vitu vilikuwa vimejaa baada ya miaka ya kukosa hata sabuni, na yeye akapagawa. Akarudi na glavu ndefu za njano, nene, za kuoshea vyombo. Akaniambia kwa fahari kwamba muuzaji amesema hazipasuki. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana hadithi yote iko hapa.

Asubuhi ya kwenda hospitali mama mkwe aliamka mapema, akapika uji wa ulezi, akanimiminia kikombe. Nikanywa funda moja, ulimi ukataka kurudi kooni. Ulikuwa mchungu wakuu. Sukari ilikuwemo, tena ya kutosha, lakini ilikuwa inajitahidi peke yake.

Nilijua ni nini. Jirani mmoja alishaniambia kwamba ukoo ule una dawa yao ya kufungua njia, mizizi, na bibi wa mtoto ndiye huipika. Anayepika hasemi, anayekunywa haulizi. Ikitajwa tu, nguvu yake inakwisha.

Wengi mtasema nilitiliwa dawa bila kujua. Hapana. Nilijua, nikamaliza kikombe. Kisha nikaomba cha pili.

Kwa nini? Kwanza, nani anamkatalia mama mkwe uji mbele ya mwanawe? Pili, na hii ndiyo ya kweli zaidi, niliiogopa ile dripu. Nilisikia wanawake wanavyoisimulia. Nikajisemea, huenda mizizi ikafanya kazi njiani, nikafika pale ni kusukuma tu, nikarudi nyumbani mapema nikasahihishe madaftari. Mwalimu huyo, na sayansi nilikuwa nafundisha.

Wodini nikapokelewa na mkunga, tumwite Sista Batilda. Hakuwa mtawa, lakini ungemwona ungetubu. Swali lake la kwanza:

"Umekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana sista."

Akanipima njia. Sentimita tatu. Akaweka mkono tumboni, akatulia, akasikia linavyokaza lenyewe.

"Tumbo limeshaanza kazi. Una hakika hujanywa kitu?"

"Nina hakika."

Niliona kama nimesifiwa.

Daktari akaja, akasema wapasue chupa ya uzazi, na dripu ianze polepole. Sista akaniinamia kabla ya kunichoma sindano ya mkononi. "Mama, nijibu kama uko kwenye kitubio. Leo umeweka nini mdomoni?"

"Uji tu sista. Wa ulezi."

Mnaona nilivyo mkweli? Ulezi ulikuwemo.

Sasa wewe binti uliyeuliza, haya ndiyo ya kutegemea. Kwanza watakupima njia, na utajua hujawahi kupimwa kitu maishani. Kisha wanaweza kuipasua chupa kwa kidude chembamba kilichopinda mbele kama sindano ya kufumia. Haiumi kama unavyoogopa, ila maji ya uvuguvugu yanashuka na aibu yako yote inaondoka nayo.

Halafu dripu. Dawa inawekwa kwenye chupa ya maji, inaingia tone kwa tone. Sista anakaa na saa yake, anahesabu matone, anaongeza kidogo, anangoja, anaongeza tena. Inaweza kuchukua saa nyingi, wengine hata siku nzima, na kuna ambao njia haifunguki kabisa wanaishia kufanyiwa upasuaji. Mumeo mwambie asisimame mlangoni anauliza "bado?"

Uchungu wa kujianzia wenyewe unapanda taratibu, kama mtu anayepanda mlima Matogoro huku anapumzika. Wa dripu hauna salamu. Ila hata huo lazima uachie katikati, tumbo lilegee, wewe uvute pumzi na mtoto avute yake. Shika hilo neno, lazima uachie.

Wangu ukaacha kuachia.

Ulikuja mmoja, kabla haujaisha ukaja wa juu yake, tumbo likawa gumu kama ubao. Nilipiga ukelele ambao nadhani wanafunzi wangu waliusikia wakafurahi. Sista akachukua kile kipembe chao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akakiweka tumboni, akaweka sikio. Akasikiliza muda mrefu. Akakihamisha, akasikiliza tena.

Uso wake ukabadilika.

Akafunga dripu. Akanigeuza nilalie ubavu wa kushoto. "Mapigo ya mtoto yanashuka," akamwambia mwenzake, "mwite daktari."

Nilisikia vizuri. Mpaka leo naisikia sauti yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilimpenda yule mtoto ghafla, kwa nguvu, kabla hata sijamwona.

Dripu imefungwa, lakini tumbo halilegei. Sista akaitazama ile chupa, akanitazama mimi.

"Matone niliyotoa ni machache. Hayawezi kufanya hivi yenyewe. Kama ni dripu tu, tutangoja litulie kisha tuifungue tena taratibu. Kama kuna kitu kingine, tukiifungua tena tunamuua mtoto. Mama, umekunywa nini?"

Nikanyamaza.

Sitafuti kujisafisha humu. Nilinyamaza. Mara tatu nilikuwa nimekana, na kusema sasa ilikuwa ni kujivua nguo mbele ya watu, ingawa nguo zenyewe sikuwa nazo. Mimi niliyekuwa nachapa watoto wa watu kwa kudanganya madaftari yameliwa na mbuzi. Maisha ya mwanangu yako kwenye ulimi wangu, na ulimi unaangalia heshima.

Mlango ukafunguka.

Ndugu walikuwa hawaruhusiwi kuingia mle, hata iweje. Mama mkwe aliingia na themosi yake mkononi, kitenge kimelegea kichwani. Alikuwa amesikia ukelele wangu akiwa koridoni, na nadhani alisikia na swali.

"Nimempa mimi," akasema. "Vikombe viwili. Asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani."

Kisha akafungua kifundo kwenye pindo la khanga, akatoa kipande cha mzizi, akakiweka kwenye meza ya dawa, kati ya pamba na glavu za njano za mwanawe. Akautaja kwa jina lake la Kingoni. Alilitamka wazi, polepole, mbele ya watu wote. Yeye aliyeamini kwamba ukishautaja umeuua.

Sista naye alikuwa wa huko huko, jina alilijua. "Mama! Huu na dripu?"

"Sikujua habari ya dripu," akasema mama mkwe. "Niadhibuni mimi. Mtoto mtazameni."

Kuanzia hapo kila kitu kilienda haraka. Daktari alifika, akaambiwa, akasema dripu ile isirudi tena kabisa. Wakanichoma sindano ya kulegeza tumbo, wakaning'iniza maji matupu, chumba cha upasuaji kikaanza kuandaliwa. Sista akainama na kipembe chake, akawa anahesabu mapigo kwa sauti ili mimi nisikie. Sikuwahi kusikiliza hesabu kwa makini namna ile, na nimefundisha hesabu.

Tumbo likaanza kulegea kidogo kidogo. Hesabu ikapanda. Kabla machela haijaja kunichukua, njia ikawa imefunguka yote, na mwanangu akatoka mwenyewe. Msichana.

Akakaa kimya. Wakamsugua, wakamsafisha pua. Kimya. Niliahidi vitu vingi kwa Mungu pale, vingine bado sijatimiza.

Kisha akalia. Kilio chembamba, cha kulalamika. Nami nikalia kumzidi.

Mama mkwe alisimamishwa kwenye korido akasemwa kwa muda mrefu. Aliambiwa ana ushamba, aliambiwa nusura aue. Akina mama wengine wakasimama kutazama. Yeye akaitikia tu, "Ndiyo, sista. Ndiyo." Hakusema kwamba mkwe wake alijua. Hakusema kwamba mwalimu aliulizwa mara tatu.

Na mimi sikusema. Maposeni nzima ikajua bibi karibu amuue mjukuu. Mume wangu alimnunia mama yake mpaka mahindi yakavunwa. Nikaacha iwe hivyo, maana ilinifaa.

Baada ya miaka mingi, mtoto keshakua yuko sekondari, tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na yeye tu. Nikajikaza.

"Mama, ile siku ya hospitali. Nilijua kilichokuwa kwenye uji."

Hakuinua macho kwenye gunzi. "Nami nilijua kwamba unajua. Kikombe cha kwanza ulikunja uso. Cha pili uliomba mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa unanyonyesha," akasema. "Matusi yanakausha maziwa."

Akaendelea kupukuchua. Ameshatangulia mbele za haki sasa. Mume wangu nilimwambia ukweli siku ya arobaini ya mama yake, akatoka nje akakaa peke yake muda mrefu. Nilikuwa nimechelewa, na hilo silifanyii utani.

Hadi anakufa, mama mkwe alisisitiza kwamba tumbo lililegea kwa sababu aliitaja dawa ikaisha nguvu. Daktari anasema ni sindano na kufungwa dripu. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi naona wote wawili walisema kitu kimoja.

Kwa hiyo binti, nenda hospitali bila hofu. Kuanzishiwa uchungu ni jambo la kawaida, wanajua wanachofanya, mradi wajue na ulichofanya wewe. Ukiulizwa umekunywa nini, kitaje. Mizizi, majani, vidonge vya shoga yako, ile chupa uliyoagiza kwa mtu wa mtandaoni mwenye picha ya ua. Kitaje hata kama mkwe amesimama hapo hapo. Usingoje mwenzako aingie na themosi akusemee.

Glavu za njano, kwa wanaojali, nilioshea vyombo miaka miwili. Muuzaji alisema kweli, hazikupasuka.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kunywa uji mkakana, semeni hapa, hatutawacheka sana. Na wale mabingwa wa tumbo la kuhara, karibuni pia, ila mtangulie kutuambia nyinyi mlizalia wodi gani.