Maada ya Giza Yaingia Kanisani Kitengela

Mkuu wa idara yetu chuoni alitutaka kila mtafiti aanze kuwaeleza wananchi kazi yake kwa lugha nyepesi, maana wafadhili siku hizi wanalipenda sana jambo hilo. Wenzangu walilichukua kama tusi. Katika fizikia tunayofanya sisi, mtu akieleweka haraka, watu huanza kuishuku kazi yake. Kwenye semina zetu wasikilizaji wachache hutikisa vichwa mbele ya ubao, kila mmoja akiomba asiulizwe kitu.

Mama yangu anaishi Kitengela. Aliposikia natafuta wananchi, alinipatia mara moja: kanisani kwake, baada ya mahubiri, kabla ya matangazo. Mchungaji akanikaribisha. "Leo tuko na daktari, binti ya mama yetu hapa." Kina mama wa safu ya mbele wakaanza kupapasa magoti yao kwa matumaini.

Nikafafanua kwamba mimi si daktari wa magonjwa, kisha nikaingia kwenye utafiti wangu, wa ile tunayoiita maada ya giza. "Imejaa kila mahali," nikasema. "Haionekani, haishikiki, lakini bila hiyo nyota zingetawanyika."

"Amina!" kanisa likaitika.

Sikuwahi kuitikiwa hivyo kwenye semina yoyote. Nikanogewa. "Inapita ndani yetu hata sasa hivi!"

"Amina!" Mpiga kinanda naye akagusa vibao.

Ukweli wa kisayansi ndio ulioniponza. Nikawaambia tumeitafuta miaka mingi, kwa mitambo iliyofukiwa chini ya milima huko ng'ambo, na hatujapata hata chembe. Mama mmoja akanitazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Tutawaombea," akasema.

Nilipoketi, jamaa mmoja wa suti akaomba dakika mbili. Alikuwa muuzaji wa bangili. "Hiyo nguvu daktari amesema iko ndani ya hii," akasema akiinua moja. "Inaitwa kwantamu. Magoti, mgongo, presha, yote inaponya."

Niliinuka kupinga. Nikaeleza kwamba kwantamu ni nadharia ya vitu vidogo mno na haina habari na magoti ya mtu. Nikataja mawimbi, nikataja uwezekano. Yeye alirudia tu, "Inaponya." Foleni ikajipanga, na mama yangu alikuwa karibu na mbele.

Nje, yule jamaa alinifuata kwa heshima zote. "Daktari, siku ya soko niko Kajiado. Twende pamoja. Wewe unafungua na sayansi, mimi nafunga." Nilikataa, ingawa kwa kweli lilikuwa ombi la kwanza la ushirikiano kuwahi kunijia bila mimi kulisaka.

Nyumbani nikamkabili Mama. "Si ulinisikia nikisema hiyo kitu ni uongo?"

"Nilikusikia. Lakini yeye alisema itanifanyia nini. Wewe hukusema." Akanimiminia chai. "Haya, niambie polepole. Huko chuoni huwa unafanya nini kila siku?"

Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumweleza. Nikaanza. Safari hii hapakuwa na amina. Kila nilipotumia neno asilolijua alinisimamisha, nami nikatafuta jingine.

"Kama hamjaiona, mmejuaje iko?"

"Nyota za mbali zinazunguka kwa kasi sana, Mama. Zingepaswa kurushwa nje. Lazima kuna kitu kizito kinazishikilia."

"Na kama ni hesabu mlikosea?"

Kuna wataalamu wanaogombana juu ya swali hilo kwenye mikutano, bila adabu ya Mama. Nikakiri kwamba hata hilo linawezekana. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Muda si mrefu tulienda harusi Kajiado. Mezani shangazi yangu akauliza kazi yangu ni ipi hasa, na kabla sijameza, Mama akajibu. Alieleza nyota, kasi na mitambo ya chini ya milima, na sikusikia kosa hata moja.

"Na wakiipata?" shangazi akauliza.

"Wakiipata, huyu atatafuta kazi ingine."

Shangazi akaniongezea nyama kwenye sahani, kwa huruma, akaniambia nisikate tamaa.