Chupa Isiyofika Lita

Janeffer Chepchirchir alisoma miaka mingi ili aweze kutengeneza kitu kisichoonekana, na mama yake, Priscah, amejaribu mara kadhaa kulieleza jambo hilo kanisani kwao Litein. Mara ya mwisho alisema binti yake "anaweka dawa ndani ya mafuta kule Kericho," na mama mmoja akamfuata nje kuuliza kama ni ya kupaka.

Si ya kupaka. Katika maabara moja mjini Kericho, juu ya duka la mbolea, Janeffer hufanya kazi na kipande cha plastiki kinachotoshana na kiberiti. Ndani yake kuna vijia vyembamba kuliko unywele. Bomba moja la sindano husukuma mafuta yaliyoyeyushwa katika spiriti, lingine husukuma maji. Yakikutana mle ndani, mafuta hujikunja upesi na kuwa chembe ndogo mno ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Dawa inayokataa kuyeyuka katika maji hufichwa ndani ya chembe hizo, isafiri na damu hadi inakotakiwa badala ya kusumbua mwili mzima. Nia ya mradi wao ni dawa ya saratani ya koo, ugonjwa ambao upande wa Bomet hauhitaji kutambulishwa kwa mtu. Lakini dawa ilikuwa bado. Kwanza ilibidi waonyeshe kwamba wanaweza kutengeneza chembe tupu zinazolingana, kama mtu anavyojaribu kibuyu kwa maji kabla ya kukitia maziwa.

Ukubwa wa chembe hupimwa Nairobi, kwa mashine ambayo Kericho haina. Wafadhili walikuwa wameeleza msimamo wao bila kuinua sauti, kama kawaida ya wafadhili. Chupa ya mwisho ikionyesha chembe zinazolingana, kazi inaendelea. Isipoonyesha, pampu zinazosukuma mabomba hayo zinarudi Nairobi, na Janeffer anarudi kuchuna majani chai ya mama yake, akiwa na shahada. Akajaza chupa moja, ndogo kama ya dawa ya kikohozi. Kisha kile kipande cha plastiki kikaziba, na kingine kilikuwa cha kuagizwa ng'ambo. Kwa hiyo chupa ilikuwa ndiyo hiyo.

Siku hiyohiyo transfoma ya mtaa ikafa, na friji ya maabara ikaanza kupata joto. Gari la mradi lilikuwa lipite Litein asubuhi yake, likielekea Nairobi kwa njia ya Bomet na Narok. Janeffer akatia chupa kwenye thamosi yenye barafu, akaenda kulala kwao. Friji ya nyumbani iliacha kazi zamani. Priscah huweka unga humo, na panya wameshakata tamaa nayo. Priscah ndiye aliyekumbuka chumba cha baridi cha ushirika wa maziwa, chenye jenereta yake. Akaipeleka chupa mwenyewe jioni hiyo, akamkabidhi mlinzi, Sagini. Sagini akasema hakuna kitu kinachoingia mle bila namba ya mwanachama. Priscah ni mtu wa utaratibu. Akatoa yake, Sagini akaiandika kwenye plasta na kuibandika.

Mpimaji wa maziwa pale ni Bosire. Alikuja kutoka upande wa Nyamira, na ushirika ulimwajiri kwa sifa moja kubwa: hana shemeji hata mmoja katika foleni. Bosire anaamini Mungu, laktomita na spiriti, na ni Jumapili tu ambapo vinafuatana hivyo. Maziwa ambayo laktomita, kile kipimo kinachoelea, imeonyesha yameongezwa maji huyamwaga mferejini, lakini kamwe hayamwagi kabla mwenyewe hajafika, asije akasemwa kwamba aliyapeleka nyumbani kupikia chai.

Asubuhi alifungua chumba cha baridi akaona chupa yenye namba ya Priscah. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, chepesi, chenye ukungu wa samawati kwa mbali. Janeffer alipouona ukungu huo kule Kericho alifurahi, kwa kuwa ndio dalili ya chembe ndogo sana. Mkulima yeyote wa Litein pia anaijua rangi hiyo. Ni rangi ya maziwa yaliyopitia mtoni.

Priscah alipofika na mkebe wake alikuta foleni nzima imegeuka kumtazama.

"Mama Janeffer," Bosire alisema akiinua chupa, "hii ni yako?"

"Ni yangu. Ni ya msichana."

"Msichana ako na ng'ombe?"

"Hana."

"Sasa hii imetoka wapi?"

"Kericho."

Nyuma yake alikuwa Mzee Kiplangat, ambaye maziwa yake yaliwahi kumwagwa hapo mbele ya wakwe zake. Aliweka mkebe chini ili asikie vizuri.

"Wacha tuone leo," alisema. "Sisi wengine tulimwagiwa. Hakuna mtu alituambia tuseme ni ya Kericho."

Priscah akampigia binti yake simu. Janeffer alifika kwa boda boda, mswaki bado mkononi na thamosi kwapani, akaanza kusema kabla pikipiki haijasimama.

"Bosire, tafadhali usimwage. Hiyo si maziwa."

"Ni nini?"

Hapo Janeffer angeweza kutumia maneno marefu ya Kizungu, na pengine yangemfaa. Lakini alilelewa kusema kweli, tena mama yake alikuwa anasikiliza.

"Ni maji," alisema. "Na mafuta kidogo."

Foleni nzima ikaguna. Maji na mafuta kidogo ndivyo vitu wanavyotumia wote wanaoghushi maziwa, tangu Sotik hadi Kericho. Hayo ni maungamo ambayo mtu huyatoa akiwa na wakili.

"Umesikia?" Kiplangat alimwambia aliyekuwa nyuma yake. "Hata haoni aibu. Na vile amesoma."

"Wewe nyamaza, mzee," Priscah alisema bila kugeuka. "Yako ilipatikana na kiluwiluwi."

"Hiyo ilikuwa mara moja."

Bosire alikuwa ameshafungua kifuniko. Alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, karibu na mfereji.

"Ukimwaga hiyo sina kazi," Janeffer alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakuna ingine. Kitu ya kuitengeneza imeziba."

"Dada, mimi simwagi na hasira. Napima kwanza."

Akaleta laktomita. Laktomita inataka jagi lililojaa ndiyo ielee. Katika chupa ile haikupita hata shingoni. Bosire aliishika juu ya chupa kwa muda, kama mchungaji aliyeombwa kubatiza mtu mzima ndani ya kikombe. Kisha akairudisha kwenye mkoba wake.

"Haiwezi kuelea," alisema.

"Si umwage tu," Kiplangat alishauri.

"Siwezi kusema iko na maji kama laktomita haijasema."

"Lakini amesema mwenyewe iko na maji."

"Yeye si laktomita."

Bosire akachukua spiriti. Maziwa mabaya yakichanganywa na spiriti huganda papo hapo, na kipimo hicho hakihitaji mengi. Akadondosha matone machache kwenye kikombe cha kioo, na Janeffer akageuza uso upande wa barabara. Katika kila tone kulikuwa na mabilioni ya kazi yake. Bosire akatikisa kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa jicho moja, halafu kwa lingine.

"Haijaganda," alisema. "Imepita."

Priscah akanyoosha shingo. Hajawahi kukataliwa maziwa pale, na sasa hata yasiyokuwa maziwa yake yalikuwa yamepita.

"Kama imepita," Kiplangat alisema taratibu, "basi iende kwa tangi."

Hilo Janeffer hakulitarajia. Tangi lilikuwa hatua chache tu, wazi, limejaa nusu. Bosire alilitazama tangi, akaitazama chupa, na uso wake ukaonyesha kwamba sheria mbili zilikuwa zikipishana ndani yake.

"Haijafika lita," alisema mwishowe. "Chini ya lita hatupokei. Mama Janeffer, rudi nayo nyumbani. Na usilete tena kidogo hivi, inachelewesha watu."

Akafunga kifuniko, akamkabidhi Janeffer chupa kwa mikono miwili. Janeffer aliketi juu ya kreti na kucheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeinuliwa jiwe kifuani, hadi Bosire alipomwonyesha barafu ilipo, kwa kuwa thamosi yake ilikuwa imebaki na maji tu. Gari la mradi lilipopiga honi barabarani, chupa ilikuwa kwenye baridi tena.

Jibu lilitoka Nairobi wiki iliyofuata. Lilikuwa fupi: chembe zinalingana, kazi iendelee, kipande kingine kimeagizwa. Janeffer alilala siku hiyo mapema kuliko kuku. Asubuhi alimsaidia mama yake kubeba mkebe, akamwambia Bosire.

"Ile kitu ilipita Nairobi."

"Ilipita hapa kwanza," Bosire alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye jagi.

Mzee Kiplangat alisikia. Alisogea karibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Hiyo dawa ya koo mama yako huwa anasema," alisema. "Itakuwa tayari lini? Ndugu yangu alienda na hiyo koo."

"Bado, mzee. Hii ilikuwa ya kujaribu tu. Itachukua miaka."

"Lakini hamjasimamishwa."

"Hatujasimamishwa."

"Sawa," Kiplangat alisema. "Sawa basi." Akainua mkebe wake, akaupeleka kwa Bosire. Maziwa yake yakamiminwa jagini, laktomita ikazama, ikapanda, ikatulia panapotakiwa.

"Imepita," Bosire alisema, na Kiplangat akaitazama laktomita kwa mshangao kidogo, halafu akamwuliza kama anaweza kupima tena ili wale wa nyuma waone.